MITISHAMBA: TUSIIDHARAU WALA TUSIIABUDU

Ndugu msomaji, bila shaka umeyasikia mabishano haya darasani. Upande mmoja unashikilia kwamba miti ya nyanya zetu ni ushenzi mtupu. Upande wa pili unaapa kwamba mwarobaini hutibu magonjwa arobaini, na aendaye zahanati ametiwa kasumba. Mimi naona pande zote mbili zimepotoka, na shahidi wangu ni mmea mmoja tu, artemisia.

Wachina waliutumia mmea huu tangu kale kutibu homa. Mwaka wa 1969 mtafiti mmoja mwanamke, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria. Je, aliwacheka waganga wa kale? La hasha! Alifungua vitabu vyao. Mwanzoni majaribio yake yaliyumbayumba, leo dawa inafanya kazi, kesho haifanyi. Ndipo akasoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba majani hulowekwa majini kisha yakakamuliwa. Hakuna palipotajwa kuchemsha. Kumbe moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na mwaka wa 1971 vimelea vikaangamia katika panya na nyani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa, na kiini chenyewe, artemisinini, kikapatikana. Mwaka wa 2015 akatuzwa Nobel.

Sasa sikilizeni, ninyi waganga wa bwenini. Nimemwona mwenzetu akitetemeka chini ya blanketi mbili huku marafiki wakimletea kikombe cha majani badala ya kumpeleka kwa matroni. Jamani, huko si kujivunia utamaduni, ni kucheza na roho ya mtu! Dawa ya AL tunayopewa hospitalini inatokana na artemisia hiyo hiyo, lakini ina kipimo: mtu mzima humeza tembe 24 kwa siku tatu, tena imechanganywa na dawa nyingine ili kimelea kikiponyoka hii kinaswe na ile. Hicho kikombe chenu nani amekipima? Dawa ikiwa haba, vimelea vinavyosalia ni vile vigumu. Tayari vimelea vinavyoistahimili artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na Tanzania, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya artemisia kuwa tiba ya malaria.

Nanyi mnaocheka, kwinini nayo mnadhani ilitoka wapi? Ni ganda la mti wa Amerika ya Kusini.

Pendekezo langu ni kwamba chama chetu kishirikiane na wenzetu wa Sayansi. Twende kwa wazee tuandike jina la kila mti kwa lugha zetu, sehemu inayotumika, na inavyotayarishwa: huchemshwa, hulowekwa au hutwangwa? Neno dogo kama hilo ndilo lililomfaa Tu Youyou. Mimi nitaanza na nyanya yangu likizo ya Agosti. Mwenye daftari la ziada anione.