Mita 30 za kukariri

Leo naweka programu kando, nataka tuzungumze juu ya mitihani ya wanafunzi wa usanifu majengo, hasa somo la mifumo ya jengo: maji safi, maji taka, umeme na hewa. Mtauliza mtengenezaji programu anatafuta nini huko. Subirini kidogo.

Sisi tukitaka kujua kama programu ni nzima, hatuipi tu data iliyoizoea. Tunabadilisha kitu kimoja tuone itafanya nini. Nadhani mwanafunzi naye apimwe hivyo.

Chukua swali hili: choo cha shimo kiwe umbali gani kutoka kisimani? Anaandika mita 30, anapata alama, basi. Hapo umepima kumbukumbu tu. Sasa mlete huku Mishomoroni. Mpe ploti ya futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Mita 30 zinamaliza urefu wote wa ploti, na bado hajaweka nyumba, wala hajatazama choo cha jirani nyuma ya ukuta. Kisha mwambie chini kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Kwenye mchanga maji hupita polepole yakichujwa. Kwenye ufa hukimbia na uchafu wake. Mwambie pia masika imeingia, maji ya chini yamepanda na yanakaribia kitako cha shimo.

Hapo ndipo utajua nani anatumia fikra tunduizi. Mmoja atarudia mita 30 zake. Mwingine atauliza: maji ya chini yanaelekea upande gani? Majirani wana mashimo mangapi? Je, tujenge tangi lisilovuja, linyonywe na gari? Nani atalipia gari hilo? Kisima kibaki cha kufulia tu?

Alama ningezigawa mafungu matatu: maswali aliyouliza kabla ya kujibu, sababu za uamuzi wake, na habari gani ingemfanya aubadilishe. Wawili wenye majibu tofauti wanaweza kufaulu wote. Lakini anayedai kwamba ufa wa mwamba unachuja maji hana alama, hata ajieleze kama wakili.

Najua walimu watasema darasa ni kubwa na kusahihisha maelezo ni kazi. Kweli kabisa. Basi liwe swali moja tu katika mtihani, mchoro ule ule, kila mwaka wabadilishe hali moja. Anayekariri majibu ya mwaka jana atajikuta hana kitu.

Mimi programu yangu ikiwa na hitilafu, natoa toleo jipya kesho. Shimo likishachimbwa pabaya na nyumba ikajengwa juu, hakuna toleo jipya. Kuna familia inayochota kipindupindu kwa ndoo.

Wasanifu mlioko vyuoni, mnasemaje?