Ndigana na Majina Yanayopotosha

Mwanafunzi wa Kiswahili akiliona neno "kaa" peke yake ubaoni hawezi kusema iwapo ni kaa la moto, kaa wa baharini, au kitenzi. Hulitambua kwa upatanisho wake. Wataalamu wa maradhi ya mifugo, kwa miaka mingi, walilazimika kusoma maneno ya namna hiyo bila upatanisho wowote.

Nazungumzia maradhi ambayo Waingereza waliyaita homa ya Pwani ya Mashariki, na ambayo wafugaji wengi huyaita ndigana kali. Njoro haina pwani, lakini kupe wa masikio wamo, nao hukieneza kimelea cha seli moja, Theileria parva. Robert Koch alikiona katika damu ya ng'ombe Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni kichanga cha kimelea cha homa ya mkojo mwekundu. Ng'ombe kutoka pwani yetu walipoyafikisha maradhi hayo Rhodesia mnamo 1901, yakadhaniwa vivyo hivyo, na mifugo ikafa kwa maelfu. Ni Arnold Theiler aliyekitenga kimelea hicho mwaka 1904 na kukiita parvum, yaani kidogo. Jina la umbo tena!

Nyati nao hukibeba kimelea hiki, aghalabu bila kuugua. Zamani kile cha nyati kilipewa jina la pekee, lawrencei, ingawa darubini haikuonyesha tofauti yoyote; mwishoni mwa miaka ya 1980 jina hilo likaachwa. Lakini katika damu ya nyati huyo huyo kimo kimelea kingine, kinachoitwa tu Theileria ya nyati, kinachofanana na parva kama pacha. Hicho hutambuliwa kwa jeni pekee.

Hata chanjo yetu haikusalimika. Ile iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 huchanganya vimelea vya aina tatu: Muguga, Kiambu na Serengeti. Jeni zao zilipolinganishwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: Muguga na Serengeti karibu ni kitu kimoja, na Kiambu ndiye mgeni. Majina matatu, vimelea viwili!

Haya si mambo ya maabara tu. Huko Soysambu, kando ya Elmenteita, ng'ombe na nyati hula nyasi za ardhi moja. Katika majaribio ya Laikipia, chanjo hiyo ilishindwa kuwakinga ng'ombe wengi waliolishwa pamoja na nyati. Mfugaji anayelipa karo kwa maziwa ana haki ya kuuliza si tu kama ng'ombe wake amechanjwa, bali amekingwa dhidi ya kimelea cha nani.

Sisi watu wa lugha nasi tuna deni. Tunasema ndigana kali na ndigana baridi kana kwamba la pili ni la kwanza lililopoa. Sivyo hata kidogo. Ndigana baridi huletwa na bakteria, Anaplasma, asiye na undugu wowote na Theileria, na dawa zake ni nyingine. Mwanafunzi akiyatafsiri majina hayo kwa akili ya kawaida atakosea, na kosa si lake. Napendekeza kamusi na vitabu vyetu viliache neno ndigana kwa maradhi ya Theileria, na haya mengine yaitwe anaplasma, hata kama neno hilo litawakwaruza masikio wapenzi wa Kiswahili sanifu, nikiwemo mimi.