Mpini Una Namba, Jembe Halina

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 Bwana Gavin Newsom, Gavana wa jimbo la California huko Marekani, alitia sahihi sheria ambayo kwa mtu wa mbali yaweza kuonekana kuwa ni jambo dogo. Sheria hiyo haisemi juu ya bunduki nzima. Yasema juu ya mtutu peke yake. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka 2027, mtutu wa bunduki au wa bastola hautauzwa katika jimbo hilo ila ana kwa ana, kwa mkono wa muuza silaha mwenye leseni, na baada ya mnunuzi kuchunguzwa kama ni mtu anayeruhusiwa kuwa na silaha.

Msomaji atashangaa na kuuliza: kwani hapo kabla mitutu ilikuwa ikiuzwaje? Jibu lake ni kwamba, kwa sheria ya Marekani nzima, mtutu ni kipande cha chuma tu. Katika sehemu kubwa ya nchi ile mtu aweza kuuagiza kwa posta, ukaletwa mlangoni pake kama inavyoletwa jozi ya viatu. Haulizwi leseni, wala haulizwi kama aliwahi kufungwa kwa kosa la kuua. Jambo hili si dogo hata kidogo, maana ndani yake mna swali ambalo kila serikali duniani hulazimika kulijibu: sheria inapohesabu silaha, yahesabu kitu gani?

Mkulima wa kwetu anaweza kulijibu swali hili bila kufungua kitabu. Jembe hufuliwa na mhunzi; mpini huuchonga mwenyewe. Mpini ukivunjika atachonga mwingine, na kazi itaendelea. Kama ingetokea serikali ikataka kuyahesabu majembe ya kijiji, ikapiga namba juu ya mipini na kuyaacha majembe yenyewe bila alama, wazee wangecheka. Basi hivyo ndivyo Marekani ilivyofanya katika jambo la bastola.

Haikuanza hivyo. Sheria yao ya mwaka 1938 ilisema kwamba kila sehemu ya bunduki ni bunduki. Sheria hiyo ikaonekana ni nzito mno kutekelezwa, maana hata skrubu na springi zingehitaji daftari. Kisha mwaka 1963 Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta. Na mwaka 1968 wakauawa Mchungaji Martin Luther King na Seneta Robert Kennedy. Ndipo Bunge lao likapitisha sheria mpya ya mwaka 1968, ikapiga marufuku kwa mwananchi wa kawaida kununua bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine. Lakini kwa kutaka wepesi, sheria hiyo iliamua kwamba katika vipande vyote vya silaha, kimoja tu ndicho kitakachoitwa silaha: kiunzi, yaani lile umbo ambalo vipande vingine hupachikwa juu yake. Katika bastola, kiunzi ndicho chenye mpini anaoushika mpigaji. Hapo ndipo namba inapopigwa, na hapo ndipo macho ya serikali yanapoishia. Vingine vyote vikaachwa huru. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa sababu ya bunduki ya posta ikauacha mtutu uendelee kwenda kwa posta.

Kwa miaka mingi kosa hilo halikuonekana sana, maana watu walinunua bastola nzima. Lakini wafanya biashara ni wepesi kuiona nafasi. Tutaeleza jinsi nafasi hiyo ilivyopatikana.

Tarehe 11 Aprili mwaka 1986, karibu na Miami, askari wa upelelezi wa FBI walipigana kwa risasi na majambazi wawili. Askari wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Katika uchunguzi wao wakubwa wa FBI waliilaumu risasi ya milimita 9 kwamba haikuingia mwilini kwa kina cha kutosha. Wakahamia risasi ya milimita 10, ambayo nayo ilionekana ni kali mno mkononi. Mwaka 1990 ikatoka risasi ya kati, yenye kipenyo kile kile cha milimita 10 lakini fupi zaidi, iitwayo .40, na polisi wa miji mingi ya Marekani wakaipokea. Baada ya miaka 20 hivi, risasi za milimita 9 zikiwa zimeboreshwa, upepo ukageuka. Ilipofika mwaka 2016 FBI ilikwisha kuamua kurudi kwenye milimita 9, na polisi wengi wakaifuata. Bastola zao za .40 zilizotumika zikauzwa madukani kwa raia, kwa bei nafuu.

Aliyenunua bastola hizo akakuta kwamba bei ya silaha ni ndogo lakini bei ya risasi zake ni kubwa. Risasi ya milimita 9 ni rahisi kuliko ya .40, na anayekwenda kiwanjani kufanya mazoezi hufyatua nyingi kwa siku moja. Ndipo viwanda vidogo vikamletea dawa: mtutu wa kubadilisha. Kwa nje umechongwa sawasawa na ule wa .40 ili uingie mahali pake. Kwa ndani tundu lake ni la milimita 9. Mwenye bastola hutoa mtutu wa zamani, hutia mpya, na mara nyingi hubadili magazini pia. Akitaka risasi ya aina ya tatu, iitwayo .357 SIG, ambayo ganda lake ni la .40 lililobanwa shingo, hutia mtutu mwingine na kuiacha magazini ile ile. Kwa namna hii bastola moja yenye namba moja hula risasi za namna tatu.

Yafaa tuseme kwamba jambo hili lina mipaka. Huenda kutoka kubwa kwenda ndogo, wala si kinyume chake. Chuma kinacholipokea tako la ganda katika bastola ya milimita 9 ni chembamba, na tako la .40 halikai hapo. Tena lina hatari kwa mzembe. Risasi ndogo ikitiwa katika mtutu mkubwa, ganda laweza kupasuka na kumwumiza mpigaji.

Viwanda vikubwa navyo havikulala. Mwaka 2014 ilitoka bastola ya SIG iitwayo P320, ambayo namba yake haiko hata kwenye mpini. Iko kwenye kipande kidogo cha chuma kilichofichwa ndani, chenye mitambo ya kufyatulia. Kipande hicho huhamishwa kutoka mpini hadi mpini na kutoka mtutu hadi mtutu, na mbele ya sheria hicho peke yake ndicho bastola. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua bastola ya aina hii mwezi Januari mwaka 2017. Kwa hiyo si jambo la mafundi wa vichochoroni. Ndio mwenendo wa biashara yote.

Hatupendi kumsingizia mtu. Wengi wa wanaonunua mitutu hii ni watu wa kawaida wanaotafuta nafuu ya bei, na mwaka 2020, risasi zilipoadimika katika maduka ya Marekani, waliofaulu kufanya mazoezi ni wale walioweza kutumia zile zilizopatikana. Wala hatusemi kwamba mtutu wa kubadilisha ndio chanzo cha msiba wa nchi ile. Mwaka 2021 Wamarekani zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Anayejiua hana haja ya mitutu miwili.

Lakini kuna mambo mawili ambayo serikali yo yote yenye busara haiwezi kuyafumbia macho.

La kwanza ni ushahidi. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyozunguka kama uzi wa skrubu, nayo huiachia risasi mikwaruzo inayoweza kulinganishwa chini ya darubini. Baada ya mauaji ya watu saba huko Chicago tarehe 14 Februari mwaka 1929, Calvin Goddard alizilinganisha risasi na maganda, akaonyesha ni bunduki zipi zilizotumika, na ujuzi huo ukaanza kuheshimiwa mahakamani. Ni kweli kwamba ganda nalo huachiwa alama na pini inayogonga fataki, na alama hizo haziondoki kwa kubadili mtutu. Lakini ganda laweza kuokotwa. Risasi iliyomo mwilini mwa maiti haiokotwi na muuaji. Kwa hiyo mtutu ndio shahidi asiyeweza kunyamazishwa kwa urahisi, na sheria ya Marekani imemwacha shahidi huyo auzwe na kutupwa bila kuandikwa jina.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1968 kiunzi kilikuwa kazi ya kiwanda. Leo viunzi vya bastola nyingi ni vya plastiki, na mwenye mashine ndogo ya kuchapa plastiki aweza kujitengenezea kimoja mezani pake, kisicho na namba wala jina. Kisichofaa kuchapwa kwa plastiki ni mtutu, maana lazima ubane moto na nguvu ya baruti. Hapo ndipo tunaporudi kwa mkulima wetu. Mpini kila mtu aweza kuuchonga. Jembe lahitaji mhunzi. Marekani imeweka mlinzi mlangoni kwa mchonga mipini, na mlango wa mhunzi umeachwa wazi.

Wakubwa wa Marekani wameanza kuona. Mwaka 2022 serikali yao ilitoa kanuni kwamba vipande vya bastola vinavyouzwa pamoja, vikingoja kukamilishwa nyumbani, vihesabiwe kuwa silaha. Na tarehe 26 Machi mwaka 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliikubali kanuni hiyo. Hata hivyo kanuni hiyo bado inakizunguka kiunzi kile kile. California imekuwa miongoni mwa wachache walionyoosha mkono hadi kwenye mtutu.

Je, kuna nchi zilizofanya vingine? Zipo. Katika Ujerumani mtutu umehesabiwa siku nyingi kuwa sehemu ya lazima ya silaha. Mwenye bastola halali aweza kuongeza mtutu wa kipenyo kile kile au kidogo zaidi bila kuomba upya, lakini lazima auandikishe katika kitabu chake. Walengaji wa Kijerumani hutumia mitutu ya kubadilisha kama Wamarekani, na mchezo wao haukufa. Nayo Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha, iliyopitishwa mwaka 2001, inautaja mtutu kwa jina katika sehemu zinazopaswa kuangaliwa pamoja na silaha yenyewe. Tanzania na Kenya zimejiunga na itifaki hiyo. Marekani haijairidhia.

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema mtutu bila kiunzi haufyatui. Kwamba gharama ya kupitia kwa muuza silaha itamwangukia mwenye kipato kidogo aliyekuwa akitafuta nafuu. Kwamba mitutu iliyokwisha kuuzwa haina namba na haitarudi. Na kwamba fundi mwenye bidii aweza kutengeneza hata mtutu nyumbani. Yote hayo yana ukweli. Lakini kiunzi bila mtutu nacho hakifyatui, na hata hivyo kimeandikishwa tangu mwaka 1968. Gharama yaweza kupunguzwa na serikali ikitaka. Ama fundi wa nyumbani, kuwapo kwa mwizi mmoja anayejua kufungua kufuli hakujapata kuwa sababu ya watu kuacha kufunga milango.

Twaona, basi, kwamba kosa la Marekani halikuwa kukosa sheria. Sheria wanazo nyingi. Kosa lilikuwa kuandika sheria kwa ajili ya kitu kama kilivyokuwa siku ile, kisha kuiacha imekaa huku kitu chenyewe kikivunjwa vipande, na kila kipande kikipata muuzaji wake. Biashara haikuvunja sheria. Iliisoma vizuri kuliko waliyoitunga, ikapita pale ambapo haikuandikwa kitu.

Fundisho hilo si la Wamarekani peke yao. Nchi zilizotia sahihi zao kwenye itifaki zisidhani kwamba sahihi ndiyo ulinzi. Mtutu uliotajwa katika karatasi ya Umoja wa Mataifa lazima utajwe pia katika daftari la polisi wa wilaya na katika orodha ya mkaguzi wa forodha bandarini, ili afunguaye kifurushi na kukuta bomba la chuma lenye mifereji ndani ajue anaangalia nini. Asipojua, nasi pia tutakuwa tumeihesabu mipini, na majembe yamepita.