Ramani kubwa, mji mtupu

Jamani, kuna ugonjwa kwenye tasnia ya magemu na tumeufumbia macho mno: ugonjwa wa kilomita. Gemu jipya likitangazwa, sifa ya kwanza ni ukubwa wa ramani. Mara tatu ya lile lililopita! Sayari elfu moja! Nasi tunapiga makofi kana kwamba tunauziwa viwanja.

Ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwaka 1996 Bethesda walitoa Daggerfall, wakajigamba kuwa nchi yake inalingana na Uingereza. Miji na vijiji kwa maelfu, vingi vikiwa vimepangwa na kompyuta. Matokeo yake? Ukishaona kijiji kimoja umeviona vyote, limebadilika jina tu. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ikatoa Morrowind, kisiwa ambacho mbele ya Daggerfall ni kitongoji. Lakini kilipangwa kwa mkono wa mtu. Kuna mji, Ald'ruhn, ambao wakubwa wake wanaishi ndani ya gamba la kaa mkubwa ajabu, na basi lao ni mdudu mwenye miguu mirefu kuliko nyumba. Haya, nitajie kijiji kimoja cha Daggerfall.

Ungedhani somo limeeleweka. Wapi! Mwaka 2023 wakaja na Starfield, sayari zaidi ya 1,000. Unatua, unatembea juu ya mawe, unakuta kituo kilichotelekezwa. Unaruka hadi nyota nyingine, unakuta kituo kile kile, hadi vitu vilivyoachwa mezani ni vile vile. Mimi ni mwandishi wa gazeti, najua ukurasa unavyojazwa saa za mwisho. Huku ndiko kujaza ukurasa. Na anayelipia ni mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku, ana saa moja tu ya kucheza, nayo yote inaishia njiani.

Kilomita zinahesabika, ndiyo maana zinapendwa na watu wa matangazo. Tabia ya mtaa utaiweka kwenye bango gani?

Waangalie Sega. Tangu 2005 magemu yao ya Yakuza yamekuwa yakirudi Kamurocho, mtaa mmoja ulioigwa kutoka Kabukicho ya Tokyo. Unauvuka kwa miguu kwa dakika chache. Katika Yakuza 0, iliyotoka 2015, magenge yanauana kwa ajili ya kiwanja kidogo cha uchochoroni. Kiwanja kimoja! Kinabeba hadithi nzima, na hakuna sayari ya Starfield iliyonishika hivyo.

Najua kuna atakayeniletea San Andreas ya 2004, miji mitatu na jangwa juu. Sawa, ilikuwa kubwa kwa wakati wake. Lakini waulize waliokuwa wakilipia dakika kwenye vibanda vya gemu, Dar au Nairobi, wanakumbuka nini. Watakutajia CJ na Grove Street, kijimtaa kisicho na pa kutokea, nyumba chache, na washikaji wamesimama nje.