Tunawaaga kwa vigelegele, kisha tunawaacha

KAULI YA WIKI
Na Mwanaidi Shomvi

Kila inapokaribia Julai 7 tunasikia hotuba zilezile. Kiswahili kimekua, Kiswahili ni bidhaa, vijana changamkieni fursa, dunia inawasubiri. UNESCO iliitenga siku hiyo mwaka 2021, Umoja wa Afrika ulianza kukitumia Kiswahili katika vikao vyake mwaka 2004, SADC ikakipokea mwaka 2019, na yote hayo ni ya kujivunia. Shida huanza Julai 8. Kijana mwenye shahada ya Kiswahili, aliyemfuata mwenzi wake Ujerumani au aliyeuza kiwanja ili afike Marekani, anafungua kompyuta atafute ni nani hasa anayeajiri mwalimu wa Kiswahili. Wengi wao huniandikia. Huanza kwa salamu ndefu na "shikamoo dada", kisha swali ni lilelile: nianzie wapi?

Kabla ya kumjibu, namwomba amsome mzee mmoja wa pwani yetu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, jirani na Bagamoyo, mwaka 1869. Alisoma elimu ya dini akaiva. Mwaka 1900 alipanda meli kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887, miaka miwili tu tangu Wajerumani waanze kujitwalia nchi yetu. Wapo wenzake waliomtangulia pale, kama Amur bin Nasur wa Zanzibar. Miongoni mwa wanafunzi wao walikuwamo maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja huku kututawala. Mtoro aliwafundisha matamshi na mazungumzo, na papo hapo akaandika na kukusanya habari za ndoa, ngoma, kilimo, uganga na mazishi ya watu wa mrima. Zilitoka mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, nacho kikajulikana kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa juu yake kazini. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981 ndipo Mtoro alipotajwa kuwa ndiye mwandishi.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakaja pamoja ili waishi kwetu, lakini serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam kama mume na mke. Wakarudi Ulaya. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Mtoro alifundisha Hamburg, chini ya Profesa Carl Meinhof, na baada ya hapo aliishi kwa kutoa mihadhara mji kwa mji juu ya nchi asiyoweza kuirudia. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Habari hii huniuma kila niisomapo, na si kwa sababu ya dhuluma ile tu. Huniuma kwa kuwa inaonyesha waziwazi kazi ya mwalimu wa Kiswahili ughaibuni inatoka wapi. Berlin haikumwajiri Mtoro kwa kupenda mashairi ya Mombasa. Ilikuwa na koloni, ikahitaji watu wa kuliendesha.

Marekani nayo ilikuja kwa njia yake. Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik angani, Washington ikashtuka, na mwaka 1958 Bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sehemu ya sheria hiyo ilitoa fedha kwa vyuo vikuu kufundisha lugha ambazo Wamarekani walikuwa hawazijui, na Kiswahili kikawa miongoni mwake. Mwaka 1961 Peace Corps ilituma vijana wake Tanganyika, nao wakahitaji walimu. Vita Baridi ilipanda mbegu, na walimu wetu wengi wamekula matunda yake mpaka leo. Lakini fedha za hofu huondoka hofu inapohamia kwingine. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipeleka bajeti iliyopendekeza kufuta kabisa fedha za masomo hayo ya lugha na nchi za nje. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Indiana au Wisconsin anaweza kuwa hodari kuliko wote na bado akapoteza kazi kwa kalamu ya mtu asiyejua hata "habari za asubuhi".

Sasa nimjibu kijana wangu aliyeko Ujerumani. Shule za kawaida za Ujerumani azisahau, kwa kuwa Kiswahili si somo lao, na mwalimu wa shule kule hutakiwa awe na sifa za ualimu wa Kijerumani, kwa kawaida katika masomo mawili. Vipo vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili, kama Hamburg, Leipzig, Bayreuth na Berlin, lakini katika kila kimoja nafasi za kudumu ni za kuhesabu kwa vidole, na aliyeipata haiachi. Kinachopatikana zaidi ni mkataba wa muhula, malipo kwa saa, bila bima na bila mshahara wa likizo. Kazi ya namna hiyo haitoshi kumbebea mtu kibali cha kuishi. Ikiwa umefika kwa ndoa, kibali unacho tayari na saa hizo zinaweza kukusaidia. Ikiwa umekwenda kwa Kadi ya Fursa, ile iliyoanza Juni 2024 inayompa mtu mwaka mmoja wa kutafuta kazi, unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati unatafuta, lakini mwisho wa mwaka utaulizwa ajira kamili iko wapi. Mpaka kesho sijaona mtu aliyelijibu swali hilo kwa saa nne za Kiswahili kwa wiki.

Yako pia madarasa ya jioni ya watu wazima. Nimefundisha huko, katika mji mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Unalipwa kwa kipindi cha dakika 45. Wasipojiandikisha wanafunzi wa kutosha, kozi haifunguliwi, na maandalizi yako yote yanabaki kwenye begi. Lakini niseme kweli, wanafunzi wa madarasa yale ni wa kupendeza kuliko wote. Utampata bibi mstaafu aliyepanda Kilimanjaro ujanani, muuguzi anayejiandaa kwenda kujitolea Peramiho, mume wa Mmombasa aliyechoka kucheka asichokielewa mkwe anapoongea. Utawapata watoto wetu pia, waliozaliwa kule, wanaoelewa "njoo ule" lakini hawawezi kumjibu bibi yao kwenye simu. Hawa wa mwisho ndio wanaostahili walimu bora tulio nao, na ndio wasio na bajeti ya mtu yeyote.

Mtandaoni je? Majukwaa yapo na wengi wanajipatia riziki humo. Someni masharti kabla ya kujiandikisha. Moja ya yaliyo makubwa huanza kwa kumkata mwalimu mpya asilimia 33 ya kila saa, na katika kipindi cha kwanza cha kila mwanafunzi huchukua malipo yote. Asilimia hushuka kadiri unavyofundisha zaidi, ila inabidi uwe na subira na kazi nyingine ya kulipia kodi ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitaje, hata kama litawaudhi waliosoma nami. Shahada zetu hutuandaa kuchambua riwaya, kupima mizani ya ushairi na kufundisha kidato cha tatu wanafunzi ambao tayari wanazungumza. Darasa la ughaibuni ni la mtu asiyejua kusema "naomba maji". Huyo atakuuliza maswali ambayo hakuna mtoto wa Temeke amewahi kukuuliza. Kwa nini tunasema "rafiki yangu" na siyo "rafiki wangu", wakati huohuo tunasema "rafiki mzuri" na siyo "rafiki nzuri"? Kwa nini "mimi ni mwalimu" lakini "niko nyumbani"? Ukimjibu "ndivyo tunavyosema", wiki ijayo harudi. Zaidi ya hapo, wewe umefundishwa ngeli za A-WA na U-I, na kitabu kilichoko mezani kwake kinasema ngeli ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4, kwa hesabu iliyojengwa na Bleek na kuendelezwa na Meinhof, yuleyule aliyekuwa mkubwa wa Mtoro pale Hamburg. Lazima uzijue hesabu zote mbili na uweze kumvusha mwanafunzi kutoka moja hadi nyingine. Kuzaliwa na lugha hakutoshi. Kufundisha wageni ni ufundi unaojitegemea, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na baadhi ya vyuo vyetu wanaendesha mafunzo yake. Yatafute kabla ya kukata tiketi. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha nao ni shule nzuri, mwaka mmoja wa masomo ndani ya darasa halisi la Marekani, mradi ukumbuke kwamba viza yake inamtaka mtu arudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia kule.

Na ughaibuni si Ulaya peke yake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hilo ni soko la mamilioni ya watoto, mpaka ni Mutukula, na basi lipo. Sielewi kwa nini kijana wa Bukoba anayetafuta kazi ya kufundisha Kiswahili huota Stockholm kabla ya Masaka.

Haya yote ni ya mtu binafsi. Lakini mzigo mzito hauko mabegani mwa kijana, uko serikalini, na hapo ndipo ninapotaka kugonga.

Anayemfuata mwenzi wake Ujerumani, kwa kawaida, hutakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. Huisoma lugha ya watu, hulipia mtihani, wengi kupitia Goethe-Institut. Taasisi hiyo imekuwapo tangu mwaka 1951 na inaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za serikali yao. Wana pia DAAD, inayotuma wahadhiri wa Kijerumani katika vyuo vikuu vya nchi za nje na kugharamia nafasi zao. Wachina wamefanya vivyo hivyo. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na baadaye Dar es Salaam na Dodoma, walimu wanaotoka China hutumwa na kwao. Hawakusubiri Nairobi iwe na hofu na Beijing ndipo ifungue nafasi ya ajira. Walijua lugha yao ni mali, wakatoa fedha kuisambaza.

Sisi tunasema bidhaa, bidhaa, bidhaa, na mwuzaji tunamwacha anajilipia nauli. Baadhi ya balozi zetu zimefungua madarasa ya Kiswahili, na nawapongeza mabalozi waliofanya hivyo. Lakini darasa linalotegemea ari ya balozi mmoja huyumba akihamishwa. Katika matangazo ya kazi ya Ulaya na Marekani niliyowahi kuyasoma, sijaona hata moja linalomtaka mwombaji alete cheti cha ufundishaji kutoka BAKITA au BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar. Kosa si la waajiri hao. Ni sisi ambao hatujakwenda kubisha hodi kwao kueleza cheti chetu kinapima nini.

Naiomba Wizara yenye dhamana ya Kiswahili, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, wafanye mambo mawili kabla ya kuandika hotuba ya Julai ijayo. Waweke mtihani mmoja wa Kiswahili kwa wageni, wenye ngazi zinazolinganishwa na zile za A1 hadi C2 zinazotumika Ulaya, pamoja na cheti kimoja cha mwalimu wake, na wapeleke maofisa vyuoni hadi vitambuliwe. Kisha watenge mishahara ya wahadhiri watano tu, watano, watakaotumwa katika vyuo vikuu vya nje kwa mkataba wa miaka mitatu mitatu, wakilipwa na sisi, kwa ushindani wa wazi ambao mtoto wa Kigoma na wa Pemba wataweza kuushiriki sawasawa. Gharama ya watu watano haiwezi kuzidi ya safari za semina tunazozijua. Bajeti inayofuata itasomwa Juni. Wabunge wanaosoma safu hii, liulizeni bungeni fungu hilo liko ukurasa gani.