Sindano, Usingizi na Picha za Ubongo

Msimu wa mitihani unapowadia, kukesha hugeuka fahari mabwenini. Anayekiri kwamba alilala saa nane huonekana mzembe. Hata hivyo, ubongo ulionyimwa usingizi hauchoki tu, bali hubadilika. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani, akiwamo Matthew Walker, walionyesha kwamba baada ya takriban saa 35 za kukesha, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na hasira, iliitikia picha za kuchukiza kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 60 ile ya watu waliolala. Uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayodhibiti hisia, nao ulikuwa umelegea. Ndipo mkeshaji anapomfokea mwenzake kwa jambo dogo asubuhi ya mtihani.

Je, uharibifu huo waweza kutibiwa kwa sindano? Tafiti kadhaa, nyingi zikitoka Uchina, zimechunguza suala hili kwa mashine za kupiga picha ubongo. Sindano yenyewe isichanganywe na ile ya hospitalini, kwani neno hilo katika Kiswahili hutukumbusha dawa. Hii ya akupancha haina dawa yoyote. Ni uzi mwembamba wa chuma unaochomwa mahali maalumu, kama vile Shenmen, penye kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, ambapo waganga wa Kichina huchoma ili kuleta usingizi.

Tatizo ni jinsi picha hizo zinavyosomwa. Mashine haioni afya; hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu. Mtu akifinywa, akichomwa, hata akishikwa mkono tu, ubongo wake utaonyesha mabadiliko. Kwa hiyo rangi nyekundu kwenye picha yathibitisha kwamba sindano ilihisiwa, basi. Ili kujua kama inatibu, sharti ilinganishwe na sindano ya uongo. Ulinganisho wa aina hiyo ulifanywa Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: waliopata nafuu kwa sindano halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano ya uongo asilimia 44.2, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Takwimu hizi huwaudhi watetezi na wapinzani vilevile. Kuchomwa kulisaidia, lakini mahali pa kuchomwa hapakuwa na uzito uliodaiwa.

Wanaoibeza tiba hii kuwa ni ramli nao wanaharakisha. Mwaka 2010, jaribio la panya lilionyesha kwamba sindano huongeza adenosini karibu na mahali ilipochomwa, na kwamba kemikali hiyo ndiyo iliyopunguza maumivu. Adenosini hiyohiyo hurundikana ubongoni kadiri mtu anavyokaa macho, na kahawa humchangamsha mkeshaji kwa kuizuia isifanye kazi. Ni sadfa ya kuvutia, ila kutoka mguu wa panya hadi ubongo wa mwanafunzi ni safari ndefu.

Kiswahili chenyewe kina kasoro hapa. Husema "kukosa usingizi" kwa anayelala kitandani akigaagaa hadi alfajiri na kwa yule aliyejinyima usingizi kwa hiari. Wa kwanza ni mgonjwa, na huenda sindano, hata kwa kumtuliza tu, ikamfaa. Wa pili hana ugonjwa, ana deni. Utafiti unaodai kumtibu huyu wa pili wapasa kuwa na makundi matatu: waliochomwa kweli, waliochomwa kwa uongo, na walioachwa walale. Kundi hilo la tatu ndilo linalosahaulika mara nyingi, ilhali ndilo pekee linaloweza kuonyesha kama sindano inamrudishia mkeshaji kile alichokikosa usiku uliopita, au inamfanya tu asiuhisi upungufu wake anapoingia katika chumba cha mtihani.