Mtihani wa Vituo na Mgonjwa wa Machimboni

Mwanafunzi wa udaktari hufikia mtihani wa vitendo akiwa amekwisha kufaulu mitihani mingi ya kuandika, lakini aghalabu hakuna iliyomtia hofu kama huu. Vituo hupangwa mfululizo. Katika kimoja hutakiwa kupima shinikizo la damu. Katika kingine, kusikiliza mapafu. Katika kingine tena, kumhoji mtu aliyefundishwa kuigiza ugonjwa. Mtahini huketi kando na orodha yake, hasemi neno wala hatikisi kichwa, hutia alama tu. Baada ya dakika chache kengele hulia, na mtahiniwa hana budi kuondoka hata kama swali lake halijajibiwa. Wapo wasahauo jambo walilolitenda wodini mara nyingi. Wapo ambao vidole vyao hutetemeka hata wasiweze kuhisi mapigo ya mshipa.

Utaratibu huu ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, wakautangaza mwaka 1975. Kabla ya hapo bahati ilikuwa na nafasi kubwa mno: huyu alipata mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, yule akapata kinyume chake. Katika vituo wote hukutana na kazi ile ile na hupimwa kwa orodha ile ile. Kwa hiyo wanaotaka mtihani huu uondolewe kwa sababu tu unaogofya hawana hoja nzito. Hofu hupita.

Lililo zito ni kwamba kipimo ndicho kiamuacho kitakachosomwa. Walimu wa Kemia wanalifahamu jambo hili: mwanafunzi aliyekariri hatua za kutambua chumvi, akiona rangi asiyoitarajia, huandika ile aliyoikariri. Mwanafunzi wa udaktari naye hukariri orodha: jitambulishe, omba ruhusa, nawa mikono, uliza kikohozi kilianza lini, uliza homa, uliza kupungua uzito. Lisilo na alama huachwa.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, lililoachwa laweza kuwa ndilo ugonjwa wenyewe. Wachimbaji wadogo huvunja na kusaga katika makarasha mwamba wenye silika, madini yaliyomo pia katika mchanga. Vumbi lake lililo laini kabisa hufika ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Seli za ulinzi hulimeza, lakini haziwezi kuliyeyusha. Hufa, na mahali pake hufanyika makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Orodha iliyokaririwa yaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye kifua kikuu, naye akawa amepatia. Mgonjwa atameza dawa, kisha atarudi karashani, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza atokako.

Kwenye mialo nako dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha mchanganyiko huo huchomwa, pengine nyumbani penye watoto. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mtu mpole huwa mkali. Daktari asiyeuliza kazi atadhani ni pombe.

Tangu mwaka 1700, Bernardino Ramazzini wa Italia aliwataka waganga waongeze swali moja katika yale yaliyorithiwa kutoka kwa Hipokrati: mgonjwa anafanya kazi gani? Yafaa kuongeza kwamba huku Usukumani swali moja halitoshi. Mtu atajibu "mkulima", na hatakuwa amesema uongo. Analima masika, na kiangazi yumo duarani. Asiye na leseni ana sababu nyingine ya kunyamaza.

Basi na kiwepo kituo cha namna hiyo: mtu anakohoa, anasema ni mkulima, na alama zinamwendea anayeuliza, "Na baada ya mavuno?" Mazungumzo yawe kwa Kiswahili, ingawa masomo ya udaktari ni kwa Kiingereza, maana mgonjwa huyo hatahojiwa kwa Kiingereza. Muda wake uwe mara mbili ya vituo vingine, kwani imani ya mtu haipatikani kwa mbio za kengele. Watasema wengine kwamba si haki kwa anayesoma mbali na machimbo. Lakini dhahabu huchimbwa Chunya na Nyamongo pia, tanzaniti Mirerani, na mchimbaji huugulia popote alipo na ndugu.

Gharama ipo: waigizaji zaidi, watahini zaidi, siku ndefu zaidi. Waigizaji, walau, hawako mbali. Katika Geita na Kahama wamo wachimbaji wa zamani walioiacha kazi hiyo kwa kukosa pumzi. Wakilipwa ujira wa haki, hakuna atakayehitaji kuwafundisha namna ya kujibu.